Mwenyekiti Aliyemnyima Mkewe Kibali

Mara ya kwanza nilipomwona Mwenyekiti, alinikonyeza. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeshushwa na lori la korosho, nimesimama mbele ya nyumba ya walimu na sanduku langu la bati, binti wa Njombe ambaye hajawahi kukutana na jua la namna ile. Yeye alikuwa ng'ambo ya barabara, mtu mfupi, mkavu, suruali imefungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Alifumba jicho la kushoto, akanitazama kwa la kulia muda mrefu, bila haya. Nikageuza uso. Nilipotazama tena, jicho bado limefumbwa.

Jioni nikamwambia Mwalimu Mkuu kwamba kijijini kuna mzee hana adabu. Akaniuliza anafananaje. Nilipomweleza, alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Huyo ni Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi," akasema. "Hakuwa anakutazama wewe, Mwalimu. Alikuwa anatazama kama sanduku lako limekaa kwenye mstari."

Nilikuja kulizoea jicho lile. Mwenyekiti alitembea kijiji kizima amefumba la kushoto, akipima nyumba, ua, vichanja vya vyombo, hata kamba za kuanikia nguo. Wageni walifikiri ni chongo. Wanawake wageni walifikiri kama nilivyofikiri mimi. Wenyeji walikuwa wakimwona anakuja, wanasogeza kinu.

Kijiji chetu kilikuwa njiani ukitoka Mikindani kwenda Nanyamba, mahali ambapo kabla ya ujamaa palikuwa na vichaka na mikorosho michache. Watu waliletwa pale kutoka vitongoji vilivyotawanyika. Alikuja bwana mpimaji kutoka wilayani na mnyororo wake, akapigilia vigingi, akachora mchoro, akala kuku, akaondoka. Nyumba zikae kwa safu, zote zitazame barabara. Yeyote anayetaka kujenga, iwe nyumba, jiko, choo au banda la mbuzi, apeleke ombi kwenye kamati. Kamati ilikuwa na wajumbe wachache, na wajumbe walikuwa na Mwenyekiti.

Mimi nilifanywa katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Tulikutania darasa la pili, baada ya watoto kutoka. Kila mjumbe alikalia dawati la mtoto, magoti yamegusa kidevu, na nafikiri mambo mengi ya kijiji kile yaliamuliwa haraka kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekalia kiti changu. Kushoto kwake alikaa Bi Somoe, mama mwenye mwili na sauti, aliyewakilisha akina mama na wakati mwingine akina baba pia. Kulia alikaa Mzee Chilumba, ambaye alisinzia tangu kufunguliwa kwa kikao, akaamka pale tu jina lake lilipotajwa.

Mwenyekiti hakuwahi kumwambia mtu "hapana." Alikuwa na namna yake. Alimsikiliza mwombaji mpaka mwisho, akamshukuru, akamuuliza hali ya watoto, kisha akasema: "Ombi lako limekaa vizuri. Halijakaa hapo tu." Mwombaji alitoka nje akitabasamu, akafika nusu ya njia ndipo akagundua kwamba amekataliwa. Wengine walirudi kutaka ufafanuzi. Hao aliwapa maneno mawili ya mwisho, kwa ile lafudhi yake ya Kimakonde isiyoivumilia m mbele ya s: "Nstari, ndugu yangu. Nstari ni nstari."

Usifikiri alikuwa mtu wa kupenda amri kwa ajili ya amri. Ilinichukua muda kuelewa. Kule juu kwetu maji yalikuwa taabu. Wanawake walishuka bondeni na ndoo tupu alfajiri, wakapanda na ndoo zilizojaa jua likiwa limeshawaka, na wengine walioteleza kwenye kile kilima hawakunyooka tena mgongo. Yule bwana mpimaji, kabla ya kuondoka, alimwambia Mwenyekiti kwamba serikali italeta bomba, na mtaro wa bomba utapita mbele ya nyumba, sambamba na barabara, kwa hiyo pale pasijengwe kitu. Labda aliyasema hayo kwa adabu tu, kama mtu anavyosema chochote baada ya kula kuku wa watu. Lakini Mwenyekiti aliyachukua moja kwa moja mpaka moyoni. Kila aliposema mstari, yeye aliona maji.

Sasa huo mchoro wenyewe ulikuwa na lake. Nyumba zote zilitazama upande mmoja, kama watoto darasani. Nyuma ya kila nyumba palichimbwa choo. Kwa hiyo mbele ya safu ya pili, ukifungua mlango, unatazamana na vyoo vya safu ya kwanza. Mzee Chilumba aliishi safu ya pili. Siku jina lake lilipotajwa kwenye kikao aliamka, akasimama, akawa mwombaji.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtu wa swala," akaanza. "Kila nikifungua mlango alfajiri nimshukuru Mungu, namwona jirani Hamisi wa safu ya kwanza ameshika kopo."

"Hamisi naye anakuona?" akauliza Bi Somoe.

"Ananiamkia! Tena ananishikilia kwa maongezi!"

Tulijadili mpaka vivuli vikarefuka. Choo hakiwezi kuhama, kimeshachimbwa. Nyumba haiwezi kugeuka. Bi Somoe akashauri Hamisi ndiye abadilishwe saa, Mwenyekiti akasema kamati haina mamlaka juu ya tumbo la mtu. Mwishowe ukatoka uamuzi, nami nikauandika nikijitahidi nisicheke: mlango wa mbele wa Mzee Chilumba ubaki mbele kama mchoro unavyotaka, ila ukandikwe udongo usifunguke, na upasuliwe mlango nyuma, ambao ndio utakuwa wa mbele kwa matumizi ya kawaida.

Haikupita muda, safu nzima ya pili ikaomba vivyo hivyo. Halafu ya tatu. Kamati ikaruhusu, kwa sababu hakuna kilichotoka nje ya mstari.

Kisha akaja mgeni kutoka wilayani, bila taarifa, kijana mwenye kalamu nyingi mfukoni. Aliegesha gari, akakuta safu ya kwanza imefungwa, watu wako shambani, akaenda mlango wa kwanza wa safu ya pili, akabisha. Ukuta. Akaenda wa pili. Ukuta. Alibisha milango iliyokandikwa udongo mpaka mwisho wa safu, hakujibiwa na mtu, akarudi kwenye gari lake mbio. Asubuhi yake likaja lori la mgambo. Taarifa iliyofika wilayani ilikuwa kwamba wanakijiji wote wametoroka, wamerudi kwenye mahame yao, na wameziba nyumba nyuma yao kwa jeuri.

Tuliogopa. Miaka ile lori la mgambo lilikuwa si jambo la kuchezea. Kulikuwa na watu ambao nyumba zao za zamani zilichomwa moto ili wasirudi. Mwenyekiti alitoka peke yake akawafuata wale vijana. Akawazungusha hadi nyuma ya nyumba, wakawakuta watu wote wapo, wanakula muhogo, Mzee Chilumba anasinzia kwenye mkeka, kuku wanapita. Kiongozi wa mgambo alichanganyikiwa.

"Kwa nini mnaishi nyuma ya nyumba?"

"Hatuishi nyuma, ndugu," Mwenyekiti akasema kwa upole wote. "Kwa mujibu wa mchoro, mbele ni kule. Kwa mujibu wa binadamu, mbele ni hapa."

Yule kiongozi alizunguka tena mbele, akatazama milango, akatazama vyoo, akamwona Hamisi anatoka na kopo lake. Akaelewa. Wakapanda lori wakaondoka, na hatukusikia tena neno juu ya jambo lile. Mwenyekiti aliporudi barazani aliikalia mikono yake yote miwili.

Jambo lingine lililomtesa ni chakula. Alijiwekea sharti kwamba hatakula kwenye nyumba ya mtu mwenye ombi kwenye kamati, asije akaambiwa amehongwa. Sharti zuri, ila msimu wa ukandikaji ulipofika kila nyumba ilikuwa na ombi. Mwenyekiti alikuwa akipita misibani na harusini kama mtu aliyefunga, amekaa mbele ya sinia la wali anasifu harufu. Mfukoni alitembea na kipande cha muhogo wa kuchoma kilichoungana na tumbaku. Bi Somoe, ambaye alimhurumia, alimletea uji kwenye bakuli akimwambia, "Hiki si chakula, ni kinywaji." Mwenyekiti aliufikiria uji ule, akauzungusha bakulini kuona uzito wake. Ukiwa mwepesi alikunywa. Ukiwa mzito aliurudisha. Baada ya muda Bi Somoe alijua kuutengeneza uwe mwepesi juu na mzito chini.

Na mtu huyuhuyu, mlinzi wa mistari, shamba lake lilikuwa aibu. Lilikuwa kule mahame, alikozaliwa na kuoa, na siku za Ijumaa baada ya swala alikwenda kuokota korosho. Nilifuatana naye siku moja na darasa langu kuchimba ming'oko, vile viazi mwitu vya kusini. Mikorosho ilikuwa imeota kila upande, mingine imelala, mingine imekumbatiana, huwezi kupita bila kuinama. Nikamuuliza kwa utani kama mikorosho ile ilipata kibali.

Alicheka. Kisha akanionyesha mahali nyumba yake ilipokuwa, kichuguu kidogo chenye majani. Akaniambia kwamba watu walipoambiwa wahame na wakasita, na minong'ono ya moto ikaanza kuzagaa, yeye alipanda juu ya paa lake mchana kweupe, mbele ya wote, akalivua nyasi kwa mikono yake mwenyewe. Mkewe alisimama chini akimtukana. Wengine walipoona Mwenyekiti amebaki na kuta, nao wakaanza kufungasha, polepole, kwa utaratibu wao, na vinu vyao na milango yao. "Hapa hapakuungua hata kuku," akaniambia. Halafu akafumba jicho, akautazama mkorosho mmoja uliopinda kama kiwiko, akasema, "Huu unazaa kuliko yote."

Huyo mkewe aliyesimama chini akimtukana ndiye Bi Esha, na kama kuna mtu aliyeijaribu kamati ya ujenzi kuliko bwana mpimaji na mgambo kwa pamoja, ni yeye.

Bi Esha alikuwa mtu wa Nanyamba, mrefu kuliko mumewe, na maandazi yake yaliwafanya madereva wa malori ya korosho wapunguze mwendo. Aliyauza kwenye beseni, amesimama juani. Akaamua anataka kibanda cha chai mbele ya nyumba yake, kando kabisa ya barabara. Hakumwambia mumewe kitandani wala mezani. Alikuja kwenye kikao kama mwombaji mwingine, amejifunga khanga mpya, akasubiri zamu yake nje ya darasa la pili.

Aliposimama mbele yetu, Mzee Chilumba aliamka mwenyewe bila kutajwa.

"Ndugu Mwenyekiti," Bi Esha akasema, "mimi ni mwanakijiji, mkulima, na mke wa mtu ambaye hapa sitamtaja kwa heshima ya kikao. Naomba kibali cha kujenga kibanda."

Mwenyekiti akakohoa. Akauliza kibanda kitakaa wapi. Bi Esha akaonyesha kwa mkono, na mkono ule ulivuka mstari.

"Pale patapita bomba," akasema Mwenyekiti.

"Bomba liko wapi?"

"Linakuja."

"Likija nitalikaribisha chai."

Bi Somoe akapiga dawati kwa kicheko. Mwenyekiti akamuuliza mwombaji kama mumewe ana habari ya ombi hili. Bi Esha akajibu kwamba hilo aulizwe mumewe. Basi, naapa nilikuwepo, Mwenyekiti alisimama kutoka kwenye kiti changu, akaenda kukaa kwenye dawati tupu la pembeni, magoti kidevuni, akasema, "Mume hana habari." Akarudi kwenye kiti. Bi Esha akasema mume angekuwa na habari kama angekuwa anasikiliza watu nyumbani kuliko kupima kamba za nguo. Mwenyekiti akarudi kwenye dawati. "Mume anasema jambo hilo lizungumzwe nyumbani." Akarudi kwenye kiti. "Kamati inakubaliana na mume."

Wajumbe wote tulitaka kibanda kile. Tulikuwa watu wa kawaida, tulipenda maandazi, na kila mmoja alikuwa na kitu chake alichotamani kukijenga mbele: Bi Somoe alitaka kichanja, Mzee Chilumba alitaka baraza la kusinzia kando ya barabara, mbali na Hamisi. Mwenyekiti aliliona hilo kwenye nyuso zetu. Alituambia, na sauti haikuwa ya utani: "Nikimruhusu huyu kwa kuwa ni mke wangu, kesho nitamnyima nani? Na mkijaza vibanda pale, siku mafundi wa bomba wakifika watasema kijiji hiki hakina nafasi, wataenda kijiji kingine. Bi Somoe, wewe ndiye utakayewaambia wenzako waendelee kushuka bondeni?"

Bi Somoe, ambaye dada yake alikuwa mmoja wa wale walioteleza, akainamisha kichwa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mwenyekiti akamgeukia mkewe. "Ombi lako limekaa vizuri," akasema, na hakuweza kumalizia.

"Malizia," Bi Esha akamwambia.

Hakumalizia. Bi Esha alitoka, akaenda nyumbani, akapakia masufuria, karai, ungo na mtoto wao Zuhura kwenye lori la kwanza lililosimama, akaenda kwao Nanyamba.

Hapo ndipo tulipomwona Mwenyekiti anavyopika. Alipika ugali wa muhogo uliokataa kutoka sufuriani, akauacha mlemle siku kadhaa akiukata kwa kisu. Kwetu hakuweza kula, kwa sababu karibu sote tulikuwa na maombi. Uji wa Bi Somoe ulikoma pia, maana Bi Somoe alimkasirikia kwa niaba ya wanawake wote huku akikubali moyoni kwamba ana haki. Alikonda. Kamba ya suruali ikazunguka kiuno mara mbili.

Mwishowe akaenda Nanyamba kumfuata mkewe. Akaniomba nifuatane naye, niwe wa kusema neno pale yeye atakaposhindwa. Mama mkwe wake alitupokea vizuri sana. Akatuketisha, akatupa maji, akatoka. Aliporudi alikuwa na wazee wa ukoo, wanawake kwa wanaume, wakakaa kwa safu. Akamwambia mkwewe asimame.

"Tumesikia una ombi," akasema.

Mwenyekiti akaelewa mara moja yuko wapi. Akasimama, mikono mbele. Akaeleza kwamba anaomba mkewe arudi. Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamuuliza hali ya mifugo. Kisha akasema: "Ombi lako, mwanangu, limekaa vizuri."

Bi Esha alikuwa nyuma ya mlango. Tulimsikia anacheka mpaka akakosa pumzi.

Hawakumpa jibu. Walisema haiwezekani kuamua bila kukagua eneo. Baada ya siku chache ujumbe wa ukoo ukaja kijijini kwetu, umejaa lori, wakakagua nyumba ya Mwenyekiti ndani na nje. Walikagua jiko wakakuta linavuja. Walikagua kitanda wakakitikisa. Walikagua mabanda ya kuku kwa kuwatoa kuku mmoja mmoja na kuwala. Mama mkwe alisimama mbele ya nyumba, akafumba jicho moja, akatazama safu nzima huku na huku. Nikaona Mwenyekiti ameanza kutoka jasho.

"Mkwe wangu hakosei," mama mkwe akasema mwishoni, na kila mtu akashangaa. "Mbele hapa pasijengwe. Maji ni maji. Lakini ndani ya mstari mbona ipo nafasi tele?" Akaelekeza kidole kwenye sebule.

Ilikuwa sebule ndogo, ya mbele, yenye dirisha barabarani. Mwenyekiti aliipenda. Ndipo alipokuwa akipokea watu, na ndipo alipotundika picha yake ya pekee, aliyopigwa Mikindani ujanani amevaa koti la kuazima. Alilipima lile dirisha kwa shubiri. Kisha akaingia ndani, akaitoa picha.

Akaleta ombi kwenye kamati, lake mwenyewe, la kuvunja ukuta wa mbele wa sebule na kuigeuza kibanda. Tulimtesa. Bi Somoe aliuliza maswali mengi, mengine hayakuhusu ujenzi. Mzee Chilumba alitaka kujua kama mwombaji anaelewana na mkewe. Mwombaji alijibu yote akiwa kwenye dawati la pembeni, na hapakuwa na mtu kwenye kiti changu wa kumwokoa. Tukapitisha.

Bi Esha akarudi. Maandazi yakahamia sebuleni, na malori hayakupunguza mwendo tena, yalisimama kabisa. Tangu hapo Mwenyekiti hakuwa na mahali pa kukaa nyumbani kwake mchana ila kama mteja. Alikaa kwenye benchi na madereva, akisubiri zamu, na akijaribu kuinuka ajitilie chai mwenyewe, sauti ilitoka ndani: "Baba Zuhura, wateja kwanza."

Na bomba lilikuja. Nasema hivyo kwa sababu wengi waliokuwa wakimcheka hawapendi kulikumbuka. Mafundi walichimba mtaro mbele ya nyumba, palepale alipokuwa anapachunga, hawakulazimika kumvunjia mtu hata kichanja. Bi Esha aliwauzia chai. Yalitoka maji siku ya kwanza, mekundu, kisha meupe, wanawake wakapiga vigelegele wakarushiana. Yalitoka kwa misimu michache, mpaka mashine ikafa. Mwenyekiti siku ile ya kwanza alikinga maji kwa kiganja, akayanusa, akaenda kukaa kwenye benchi.

Mimi nilihamishwa. Nikafundisha kwingine, nikaolewa, nikarudi Mtwara nikiwa nakaribia kustaafu. Ujamaa ulikuwa umeshakuwa habari ya kuwasimulia watoto. Siku moja sokoni mama mmoja akanishika mkono: "Shikamoo, Mwalimu. Hunijui. Mimi Zuhura." Akaniambia baba yake yuko kwake, mtaa wa Likombe, na mama yake ameshatangulia.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Teksi ilinishusha barabarani, dereva akasema haendi zaidi, hakuna pa kupita. Alikuwa na haki. Upande ule wa Likombe nyumba zilikuwa zimejengwa mgongo kwa mgongo, ukuta wa huyu ndio ua wa yule. Nilipita kwenye jiko la mtu, nikaruka sufuria, nikaomba radhi kwa watu waliokuwa wanakula, nikatokea kwenye ua mdogo. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa mdogo zaidi kuliko nilivyomkumbuka, na sasa macho yote mawili yalikuwa yamejifumba yenyewe. Nilimwamkia akanijua kwa sauti.

"Mwalimu," akasema, "umefikaje? Hapa hata Mungu anapita kwa kuuliza."

Nikampa pole kwa Bi Esha. Akasema, "Alitangulia. Nadhani anapanga pa kukaa." Halafu akanisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoponea chupuchupu msimu wa mvua uliopita. Alizidiwa na homa, gari la hospitali likaja likaishia barabarani. Vijana wakambeba juu ya kitanda cha kamba. Uchochoro wa kwanza kitanda hakikupita. Wa pili hakikupita. Ikabidi wamuinue juu ya vichwa, wampitishe kwenye nyua za watu na majiko ya watu. Na kila alipopita watu walitoka. Mmoja alimfuta uso. Mwingine alimtia uji mdomoni, kijiko kimoja, kitanda kikiwa kinaendelea kwenda. Mama mmoja wa Kimakua, ambaye hawajawahi kusalimiana, alivua khanga yake mabegani akamfunika. Mlokole wa nyumba ya kona akamwombea kwa sauti, na shehe wa nyumba ya pili akamwombea kwa sauti zaidi. Wengine waliungana na wabebaji.

"Nilifika kwenye gari nina umati nyuma yangu kama Rais," akasema. "Daktari aliuliza mimi ni mzee wa nani. Watu wote wakasema wetu."

Alicheka, kisha akakohoa, kisha akaacha kucheka.

"Maisha yangu yote, Mwalimu," akasema, na mara hii pia hakumalizia.

Papo hapo mama wa nyumba ya jirani akachungulia juu ya ukuta. Ni kama kila mtu pale alimjua kwa kazi yake ya zamani, au labda alikuwa amewasimulia mwenyewe. Yule mama akanisalimu, akamgeukia.

"Mzee wetu, nataka kusimika banda la kuku hapa pembeni ya ukuta. Nisije nikamkera mtu. Unaonaje?"

Pembeni ya ukuta palikuwa na uchochoro, wenyewe mwembamba. Mwenyekiti alinyanyua uso kuelekea upande wa sauti. Alinyoosha mikono yake miwili mbele, akaitanua polepole, akapima kitu hewani.

"Jenga, mama," akasema. "Ila acha pa kupita kitanda."